Mume Anasema Mashosti wa Kikoba Wananiharibu

SWALI

Anti habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 48, niko Morogoro. Watoto wote wameshaondoka, wa mwisho kaolewa mwaka jana, nikabaki ndani naongea na tivii mpaka jirani akanivuta kwenye kikoba chao cha Jumamosi, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Humo nimepata mashosti watatu, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja mjane, mmoja ameachika anauza vitenge, na Anti yaani hawa wanawake wamenirudishia uhai. Nilikuwa napandwa na joto usiku mpaka nalowa shuka, nikajua tayari presha, wao ndo wakaniambia mwenzetu umri huo, hedhi inaaga, nenda hospitali wakuangalie, na yule mjane akanisindikiza. Sasa mwalimu anatufundisha jioni mimi na wa vitenge ili tufanye QT, ule mtihani wa maarifa, maana mimi shule nilifukuzwa kidato cha kwanza kwa mimba. Mume wangu (mimba yenyewe ilikuwa yake) anasema wajane na walioachika watanifundisha kuachika. Binti yangu naye anacheka tu. Halafu wa vitenge ameomba nimdhamini mkopo kikundini. Niachane nao ili nyumba itulie?

Bibi Mtarajiwa, Morogoro

JIBU

Usiachane nao dada. Mtu aliyekushika mkono mpaka hospitali wakati wewe mwenyewe unajiona umeisha, huyo siyo wa kumwacha sababu hana mume. Kwani ujane unaambukiza?

Ila na baba watoto nimemwelewa kidogo, msinipige. Nyumba imekuwa kimya kwa wote wawili, ila wewe ukapata pa kwenda, yeye jioni anakaa kibarazani anasikia geti linafungwa. Wanaume wetu wakishafika umri huo wengi hawana rafiki wa kumwambia kitu cha maana, ana watu wa bao na watu wa mpira basi, na huwezi kumwambia mtu wa bao kwamba unaogopa mkeo atakuzidi. Kwahiyo usimjibu kwa kununa. Waalike hao mashosti kwako Jumapili, pika, wamsalimie, mwalimu akae naye waongee, aone ni akina mama wazima na siyo lile genge analolitengeneza kichwani. Halafu siku ametulia mkumbushe taratibu kwamba ile mimba mlikuwa wawili ila aliyetoka shule ni mmoja. Usipaze sauti, sema mara moja tu unyamaze. Siku hizi binti akijifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, tangu Novemba 2021, wewe hukuipata hiyo nafasi kwahiyo unajirudisha mwenyewe, kosa liko wapi?

Kuhusu umri, huyo binti anayecheka mwambie habari za Gogo (yaani bibi) Priscilla Sitienei wa kule Ndalat, Kenya, mkunga, alikuwa na miaka kama 90 anakaa darasa la msingi na sare yake, anasoma na vitukuu. Alifariki 2022 akiwa na miaka 99. Wewe wa 48 mbona bado mbichi!

Njia yenyewe iko wazi. Ukifaulu QT unahesabika kama uliyevuka kidato cha pili, baada ya hapo unajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili unafungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Novemba, na hapo ndipo watu wazima wengi wanapokwama, wanasoma weee halafu dirisha limefungwa. Nendeni wote watatu mkaulize Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ipo tangu 1975 kwa ajili ya watu kama nyie. Na someni pamoja, ukibaki peke yako hesabu zitakutoa machozi wiki ya pili utasema kichwa kimegoma.

Haya, huo udhamini sasa. Hapa nakuwa mkali. Mashosti wengi wamekosana kwa marejesho kuliko kwa wanaume. Muulize anakopa afanyie nini, ana hisa ngapi, na kama ana deni lingine nje, hasa hii mikopo ya kausha damu yenye riba ya kunyonya, maana mwenye kausha damu akikopa kikundini mara nyingi anaziba shimo tu na mdhamini ndo anabaki kulipa. Akikujibu vizuri na ni kiasi ambacho hata akikwama unaweza kulipa kwa pesa yako mwenyewe bila kugusa ya nyumba, basi umdhamini. Akianza kuzungusha maneno mwambie hapana shosti, siwezi, na kesho yake mkutane kwenye hesabu kama kawaida. Na muulizeni mwenyekiti kama kikoba kimesajiliwa, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitaka na vikundi vya kijamii visajiliwe, mnaanzia hapo hapo halmashauri. Kama hakijasajiliwa usiweke sahihi kwenye udhamini wowote kwanza.