Kuomba chuo kikuu kabla ya mtihani wa mwisho: ujue kwanza nani anafungwa

Ndugu uliyeuliza, nimeelewa kwamba unasitasita kati ya kuomba chuo sasa kwa alama za makadirio ya walimu, huku mtihani wa mwisho ukiwa bado mbele yako, na kusubiri matokeo yatoke ndipo uombe. Mimi niliomba mapema katika mfumo wa Uingereza, na miaka michache baadaye nikamsaidia mdogo wangu kuomba vyuo vya Marekani. Kwa maoni yangu uombe sasa, ila kabla hujatuma fomu yoyote uhakikishe unajua ahadi inayotokana na maombi hayo inamfunga nani, wewe au chuo, kwa sababu mifumo hiyo miwili yote inazungumzia kuomba mapema lakini mzigo inauweka kwenye mabega tofauti.

Uingereza maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, yaani shirika la pamoja linalopokea maombi ya vyuo, ambako mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi hadi 5. Anayelenga Oxford, Cambridge au kozi nyingi za udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo hutakiwa awe ametuma maombi ifikapo tarehe 15 Oktoba, miezi mingi kabla ya mtihani wa A-level, ule wa mwisho wa sekondari. Kwa kuwa wakati huo matokeo hayapo, chuo hutazama alama ulizopata katika mitihani ya taifa iliyotangulia, barua ya shule, maelezo yako binafsi, ambayo kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea ni majibu ya maswali 3 yasiyozidi herufi 4,000 kwa jumla, na juu ya yote hayo alama ambazo walimu wako wanakadiria kwamba utazipata. Kikiridhika kinakupa nafasi yenye masharti. Hapo chuo ndicho kilichofungwa: ukizipata alama zilizotajwa, nafasi ni yako.

Suala la makadirio ndilo linalostahili muda wako mwingi zaidi. Mwalimu wangu wa kemia alikuwa na daftari lenye alama za kila zoezi, nami nilimwendea kabla hajapeleka makadirio, si kumwomba aniongezee, bali kumuuliza angetegemea nini. Alilifungua akanionyesha kwamba kwenye nadharia nilikuwa vizuri, lakini kila zoezi lenye hesabu za moli lilikuwa likinishusha, kisha akanieleza kwamba mtihani wa kufunga mwaka ndio angeupa uzito mkubwa. Mazungumzo yale mafupi yalinisaidia kuliko semina zote za udahili nilizohudhuria, maana nilitoka pale nikijua la kufanya na muda wa kulifanya. Wapo wanaomwandama mwalimu mpaka awapandishie makadirio. Mimi siwashauri, kwani ukiipata kozi inayodai alama za juu kwa makadirio ya kubembeleza, mtihani wenyewe haubembelezwi. Utafiti wa mtaalamu wa uchumi wa elimu Gill Wyness uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji wa Uingereza waliopata alama sawasawa na walizokadiriwa katika masomo yao 3 bora, na asilimia 75 walikuwa wamekadiriwa juu ya walichopata.

Nafasi ikija, isome neno kwa neno. Sharti linaweza kuandikwa AAB, yaani A mbili na B moja, halafu mbele yake pakawa na maelezo kwamba A moja lazima iwe ya hisabati. Mwanafunzi mwenzangu alipata AAB kamili, lakini B yake ilikuwa ya hisabati, kwa hiyo chuo alichokiweka kwanza hakikuwa tena na wajibu wa kumpokea, na hakikumpokea. Aliokolewa na chaguo lake la akiba. Mfumo huo hukuruhusu kushika nafasi mbili, moja ya kwanza na nyingine ya akiba, na nawashangaa wanaoweka akiba yenye masharti yaleyale ya chaguo la kwanza au magumu zaidi: ukikosa la kwanza, la pili nalo litakuwa limekuponyoka. Akiba iwe ya alama za chini, na iwe kozi ambayo kweli utakubali kuisoma. Matokeo yakikukatili kote kuwili, kunabaki mlango wa Clearing, ambapo vyuo hujaza nafasi zilizosalia.

Marekani mambo hugeuka. Katika utaratibu uitwao Early Decision unaomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, mara nyingi kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, na wewe, mzazi wako na mshauri wa shule mnatia saini kwamba ukikubaliwa utakwenda hapo na kuyafuta maombi mengine yote. Jibu huja kwa kawaida katikati ya Desemba. Kinachoweza kukutoa bila lawama ni fedha, endapo msaada uliopewa hautoshi kukuwezesha kusoma. Mdogo wangu alihitaji kulinganisha misaada ya vyuo mbalimbali, hivyo tulikubaliana achukue Early Action, ambayo hujibu mapema bila kumfunga mwombaji na humpa kwa kawaida hadi tarehe 1 Mei kuamua. Angalia tu kwamba baadhi ya vyuo hukukataza kuomba mapema kwingine. Na asikudanganye mtu kwamba ukishakubaliwa unaweza kulegea, kwani shule hutuma ripoti ya mwisho wa mwaka, na chuo kina haki ya kuifuta nafasi ya aliyeporomoka.

Kusubiri nako kuna mahali pake. Kama walimu wamekukadiria chini sana ya unachokiweza, na ushahidi wa uwezo wako umeanza kuonekana mwaka huu wa mwisho, basi fanya mtihani kwanza, uombe mwaka unaofuata ukiwa na matokeo mkononi. Mwaka utaupoteza, lakini chuo kitakupima kwa ulichokipata wewe mwenyewe. Ukitaja kozi unayoitaka na makadirio uliyopewa, nitakueleza kama hali yako ni hiyo.