Mtoa mada, usilipande korongo lile mwezi Oktoba

Usiende kwenye korongo lile. Nimeyasoma maelezo yako yote, mtoa mada: kwamba umepata ufadhili wa kusoma Denver, jimbo la Colorado, Marekani, kwamba mwenyeji wako huko ni Mtanzania mwenzetu aliyekutumia picha ya mlima, kwamba mwishoni mwa Oktoba mnakusudia kupanda kwa miguu mkiwa mmebeba ubao wa theluji mgongoni ili mteleze kwenye theluji isiyokanyagwa na mtu kabla vituo vya kuteleza havijawasha lifti na kuanza kudai tiketi, na kwamba unaomba ushauri kuhusu urefu wa ubao, koti, glavu, vifaa vya mtumba na pumzi ya mtu aliyezoea mwinuko wa Dodoma. Habari za koti watakueleza wengine. Mimi nimeifungua ile picha, nimeikuza, na nimeshindwa kunyamaza.

Waliotangulia kukujibu wanataniana kwamba Mgogo na theluji wapi na wapi. Mimi ni mzaliwa wa Mpunguzi, na watani zangu wameutumia utani huo hadi ukachakaa tangu niliporudi nyumbani na parafujo mguuni, kwa hiyo naomba tuuweke kando hadi nimalize.

Itazame picha tena. Migongo ya mlima imebaki na majani makavu na mawe, lakini korongo lililo katikati ni jeupe tangu juu hadi chini. Jiulize theluji ya korongo hilo imetoka wapi, ilhali mlima wenyewe haujapata hata ya kufunika mawe yake. Haikuanguka humo peke yake. Upepo umeikwangua upande mmoja wa mgongo ukaimwaga upande wa pili uliokingika, ukaibana na kuifanya bamba moja linaloonekana laini machoni lakini limeshikana lenyewe kwa lenyewe. Mwanzoni mwa msimu, mahali pekee penye theluji ya kutosha kubeba ubao ni pale ilipolundikwa na upepo, na hapo hapo ndipo inapoporomoka. Mwenyeji wako ameona theluji ya bure. Mimi naona mtego uliokwisha kutegwa.

Nina kanuni moja tu, na nimeilipia: kabla msimu haujakomaa, usikanyage mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi, wala usipite chini yake, hata kama theluji iliyopo haifiki magotini. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Usikadirie kwa macho, kwa sababu macho hupenda kile ambacho moyo umeshakitaka. Simu yako ina pimamaji ile ile ya mafundi ujenzi. Ilaze juu ya fimbo ya kutembelea, fimbo ilale juu ya theluji kufuata mteremko, usome namba.

Mimi nilidanganywa kwa maneno hayo hayo ya magotini. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili huko huko Colorado, nikakodi ubao katika duka dogo la vifaa vya milimani, na kwa Kiingereza changu chote cha heshima nikamwuliza muuzaji kama kulikuwa na hatari ya maporomoko kule tulikokusudia kwenda. Alinijibu huku akipiga miayo kwamba theluji bado ilikuwa chache mno, hakuna cha kuporomoka, labda niogope mawe. Hakuuliza tunapanda uso gani wa mlima, hakuuliza upepo ulivuma kutoka wapi wiki hiyo, wala hakuniambia kwamba kuna taarifa ya maporomoko inayotolewa bure kwa umma. Alinikodisha kofia ngumu, na hilo ndilo jambo pekee ninalomshukuru hadi leo. Mwenzangu wa bwenini, kijana aliyezaliwa kwenye milima hiyo na aliyeizungumzia kana kwamba aliiumba yeye, alikubaliana naye kwa kila neno. Nami nikawaza kwamba mtu aliyekulia kwenye vumbi la Dodoma hana haki ya kumbishia mtu aliyekulia kwenye theluji. Heshima ya namna hiyo ni nzuri mbele ya wazee wa ukoo, lakini mlimani haina kazi.

Tulianzia Loveland Pass, ambako barabara yenyewe inapita kwenye mwinuko wa mita 3,655, yaani ukishuka tu kwenye gari umeshakipita kwa urefu kilele cha Hanang, ambacho kina mita 3,420 hivi. (Hilo ndilo jibu la swali lako la pumzi: utahema.) Hatukuwa na ule ubao unaotenganishwa vipande viwili na kubandikwa kanda za manyoya chini ili mtu apande bila kurudi nyuma. Tulipanda kwa buti, tukichimba hatua moja baada ya nyingine ndani ya korongo lile lile tulilotaka kuteleza, kwa sababu humo theluji ilikuwa imeshikana na mguu haukuzama kati ya mawe. Mtelezaji akishuka korongo kama lile hukaa humo kwa muda mfupi sana, lakini sisi tulijikongoja humo asubuhi nzima, tukiongeza uzito juu ya kitu kilichokuwa kinangoja uzito. Mgongo wa mlima ulikuwa pale kando, umekwanguliwa na upepo hadi kwenye majani, mbaya kwa kuteleza na salama kwa kupanda. Tuliukwepa kwa kuhofia kuchubua buti za kukodi.

Hatukuwa tumefika nusu wakati mlio mzito ulipotoka chini ya miguu yetu na theluji yote iliyotuzunguka ikadidimia kidogo. Mwenzangu alicheka, akasema theluji inajipanga. Sikujua kwamba mlio huo hutokea tabaka dhaifu lililo chini linapopondeka kwa mkupuo, na kwamba anayeusikia akiwa kwenye mteremko mkali hapaswi kuongeza hata hatua moja ya kupanda. Tuliongeza. Mlio wa pili ulikuja na ufa, ufa ukakimbia juu yetu ukavuka korongo zima, na kila kilichokuwa juu ya ardhi kikaanza kuteremka pamoja nami.

Sikuzikwa, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuielewa hatari ya miezi hii. Iliponiachia nilikuwa nimekaa, kichwa na mikono viko nje, naliona anga vizuri kabisa. Ilichokuwa imefanya ni kuniburuta juu ya mawe ambayo theluji chache ile haikuyafunika, na mfupa wa muundi ukavunjika. Januari au Februari pengine ningepita juu ya mawe hayo bila kuyagusa. Mwanzoni mwa msimu kila jiwe liko kazini. Kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia mtu aliyefukiwa, ambacho hata hivyo hatukuwa nacho, hakiungi mfupa.

Waokoaji waliokuja kunibeba walikuwa watu wa kujitolea na hawakunitoza hata senti, kwa sababu ndivyo vikosi vya uokoaji vya milimani vinavyofanya kazi Colorado. Gari la wagonjwa na hospitali ni habari nyingine. Bima yangu ya mwanafunzi ilikuwa na kikomo ambacho sikukisoma, masomo yangu yaliahirishwa, na huku nyumbani baba aliuza kipande cha shamba la zabibu bila kuniambia hadi niliporudi. Sidhani kama yuko mwingine Mpunguzi aliyebadilisha zabibu kwa parafujo. Nacheka kwa sababu mguu umepona. Baba bado hacheki.

Sasa nikueleze kwa nini theluji chache ni mbaya kuliko theluji nyingi, maana hili ndilo muuzaji yule angenieleza kama angekuwa analijua. Ardhi ya kule, hata majira ya baridi yanapoanza, hubaki na joto la karibu nyuzi sifuri chini ya theluji, wakati usiku usio na mawingu huifanya theluji ya juu kuwa na baridi kali sana. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo inasambaa katika unene mkubwa na haileti madhara makubwa. Ikiwa nyembamba, tofauti yote inabanwa ndani ya sentimita chache, mvuke unapanda kutoka chini, na punje za theluji zinageuka kuwa chembe kubwa zenye kona, zisizoshikana hata ukizifinyanga kwa nguvu. Milima ya Colorado iko mbali na bahari, ina hewa kavu na baridi, kwa hiyo jambo hili hutokea huko mara kwa mara. Linatokea zaidi kwenye nyuso zinazotazama kaskazini, kwani majira hayo jua la huko huwa upande wa kusini, na theluji ya Oktoba inayoyeyuka kwingine hubaki kivulini ikiharibika polepole. Kisha Novemba inaleta dhoruba na upepo, na bamba jipya linalazwa juu ya chembe hizo. Mwaga mtama mkavu kwenye sakafu ya saruji yenye mwinamo, laza bati juu yake, kisha umwambie mwanao asimame juu ya bati: ndivyo tulivyokuwa sisi.

Wala usidharau uzito wake. Theluji iliyobanwa na upepo huwa na kilo 200 hadi 300 kwa kila mita ya ujazo. Bamba lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20 na unene wa sentimita 30 tu, yaani chini ya magoti, lina mita za ujazo 180, ambazo ni tani 36 hadi 54. Sisi wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa kwamba mlima unaweza kushuka, maana tuliyaona ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023. Tofauti ni kwamba watu wa Katesh walifuatwa na tope majumbani mwao, na wewe unapanga kulifuata poromoko mwenyewe ukiwa umebeba ubao.

Kama unafikiri haya huwapata wageni tu, msome Jamie Pierre, Mmarekani aliyepata umaarufu mwaka 2006 kwa kuruka genge la futi 255, karibu mita 78, kwa skii. Alifariki tarehe 13 Novemba 2011 katika eneo la Snowbird, Utah, akiwa kwenye ubao wa theluji, kabla kituo hakijafunguliwa kwa msimu huo. Poromoko lilimburuta kwenye mawe na kumpitisha juu ya genge dogo, naye aliuawa na majeraha. Hapo ujifunze jambo ambalo mwenyeji wako halioni: kituo kilichofungwa si kituo. Katika msimu wafanyakazi hulipua miteremko kwa baruti ili iporomoke watu wakiwa hawapo. Kabla ya hapo, mlima ule ule wenye nguzo za lifti na mabango ni pori tupu.

Wanaonikera kuliko muuzaji yule ni wanaorusha video za Oktoba. Utaona mtu anateleza, vumbi jeupe linaruka, muziki unalia. Huoni mwinamo, huoni waliotangulia kuchimba shimo na kukagua matabaka, na huoni kabisa video za wale ambao siku yao iliisha vibaya, kwa sababu hakuna aliyebaki na hamu ya kuzirusha.

Ukinishinikiza nikuambie la kufanya badala yake, nitasema hivi: tafuta uwanda wa majani usio na mawe wala magogo, au barabara ya mlimani iliyofungwa kwa majira ya baridi, wenye mwinamo wa nyuzi 15 hadi 25 na usio na mteremko mkali juu yake, kwa maana tabaka dhaifu linaweza kupondeka chini unapopita na bamba likakatika juu kabisa. Soma kila siku taarifa za Colorado Avalanche Information Center (kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado), na ujiandikishe kwenye kozi ya usalama wa maporomoko kabla hujanunua chochote kinachong'aa. Kifaa cha mawimbi, ufito wa kuchomeka ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa na sepetu kila mmoja wenu awe navyo na ajue kuvitumia, kwani aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 15 ana nafasi kubwa ya kupona, na baada ya nusu saa nafasi hiyo huwa imepungua sana. Lakini ukivinunua hivyo kisha ukaenda kwenye korongo lile, utakuwa umeninukuu vibaya. Vifaa ni vya siku ambayo kanuni imevunjwa kwa bahati mbaya, si ruhusa ya kuivunja.

Na huyo mwenyeji wako, kwa kuwa anasoma Kiswahili, mwombe akujibu hapa hapa mwinamo wa korongo lile ni nyuzi ngapi na alilipima kwa kifaa gani. Asipotaja namba, usimchangie mafuta ya gari.

Glavu nunua jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa. Kuhusu urefu wa ubao siwezi kukusaidia: wangu ulikuwa wa kukodi, na sikuurudisha ukiwa mzima.