Kabla ya kugawa mbegu, ulizeni shamba ni la nani

Ninyi mnaotaka kushirikiana na mashirika ya kiraia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ili mkulima mdogo naye ashibe, naomba mnisikilize kwa hili moja: anzeni na ardhi.

Mwaka wangu wa kwanza kama mhamasishaji wa chama cha wamama wakulima huko Walungu, tuligawa majembe na mbegu za maharagwe. Mvua ya Septemba haikutuangusha. Wamama waliweka mbolea ya mbuzi, wakachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Ilipofika Februari, walipotaka kupanda tena, wenye mashamba wakayachukua. Mama mmoja mzee, kitenge bado kina udongo, akaniambia: “Mwanangu, mlitupatia mbegu. Mbona hamkutuuliza tunapanda kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Kule Bushi, nchi ya Wabashi ambamo Walungu imo, haki ya kudumu ya ardhi ni kalinzi, ambayo zamani ilitolewa kwa ng'ombe, na kwa kawaida hurithiwa na mwanaume. Asiye nayo hukodi kwa bwasa, msimu kwa msimu. Kadiri mama anavyorutubisha udongo, ndivyo mwenye shamba anavyoutamani. Sheria ya familia ya Kongo ilirekebishwa mwaka 2016 ikaondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ili afanye mkataba, lakini kilimani watu wengi hawajawahi kuisikia.

Msimu uliofuata hatukununua mbegu kwanza. Tulikaa na chifu wa kijiji, mwenye shamba pamoja na mke wake (msimsahau huyo, maana akikataa yeye, yamekwisha), na wamama wenyewe wakazungumza kwa Mashi, lugha yao, sisi tukinyamaza. Ilichukua vikao vinne. Mwishoni ukaandikwa mkataba wa misimu sita, kila mmoja akaweka dole gumba. Yule mama mzee aliikunja karatasi yake mara tatu, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaificha chini ya gunia la muhogo.

Kwa hiyo, mfadhili, lipia pia vikao hivyo: pikipiki ya kupanda kilimani, karatasi, na siku za mtu anayerudi kwa chifu mara ya tatu. Wengi hulipia semina hotelini mjini, halafu wanashangaa chama hakifiki kijijini. Orodha ya watakaosaidiwa isomwe hadharani, maana ikiandikwa nyumbani kwa rais wa chama, wajane wa mbali na barabara hawamo. Na msiite mkutano siku ya soko.

Mkataba wa mama yule unaisha msimu ujao. Tumeshaanza kwenda kwa mwenye shamba.