Maswali na Majibu: Jamaa Thelathini, Mashua na Fungu la Maziwe

Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wanaotaka kuwapeleka ndugu na marafiki matembezi ya baharini, kuanzia ghuba ya Tanga hadi Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini karibu na Pangani. Zilizofanana tumeziunganisha.

Ukoo wetu hukutana kila mwaka. Mwaka huu tumekubaliana kuacha ukumbi, tukodi chombo twende Maziwe, watu kama thelathini, waja leo waondoka leo. Wengi wanataka Juni kwa sababu watoto wako likizo. Wengine wanataka Idi. Tuchague vipi? – Katibu wa kamati, Ngamiani

Msipige kura ya tarehe kabla hamjajua upepo na maji yatakuwaje. Hayo mawili hayana mjumbe kwenye kamati yenu, lakini ndiyo yanayoamua.

Juni ni kusi. Upepo huo hushika tangu Aprili au Mei na hukomaa kati ya Juni na Agosti, ukivuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Maziwe iko kama kilomita 8 kusini-mashariki ya mji wa Pangani, kwa hiyo kwenda huko Juni ni kupigwa na mawimbi ya omo, yanayokuja mbele ya chombo, njia nzima. Mabaharia huvumilia, shangazi na watoto hawafiki wakiwa na hamu ya kuogelea. Kaskazi nao una kipindi chake kikali, Januari na Februari. Bahari hutulia zaidi kati ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba, japokuwa mvua za vuli huweza kuwakuta, halafu tena mwezi Machi kabla masika hayajachanganya. Kama ni lazima iwe likizo ya shule, siku za mwanzo za Desemba ni bora kuliko Juni.

Sasa maji. Maziwe ya leo ni fungu la mchanga mtupu. Mivinje iliyokuwapo ilimalizika zamani, na maji yakijaa sana fungu lote huzama. Kwa hiyo mnahitaji siku ambayo maji yanapwa sana, tena yanapwa kabla ya adhuhuri. Pwani yetu bahati ni nzuri: wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Mwenye kalenda ya Kiislamu anaweza kukadiria bila jedwali: tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ndizo za Maziwe. Tarehe 8 hadi 11 ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na mchana maji huwa yamejaa badala ya kupwa.

Hapo swali lenu la Idi linajibika lenyewe. Idi el-Fitri ni mwezi mosi, kwa hiyo bamvua huwa ipo kila mwaka. Kinachobaki ni kuuliza imeangukia upepo gani. Idi el-Haji ni tarehe kumi, karibu na adhuhuri maji yanajaa, fungu halionekani au ni ukanda mwembamba tu. Siku hiyo bakini ghubani, nendeni kisiwa cha Toten mkaone magofu ya misikiti na makaburi, au mzunguke hadi Ulenge penye mnara wa taa. Maji yaliyojaa huwasaidia huko, kwa kuwa chombo kinasogea karibu na ufuo na wazee hawatembei kwenye tope.

Makisio ya kalenda hayatoshi kupanga saa. Tarehe ikishapatikana, tafuteni jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Tanga na mfanye hesabu hivi: fikeni funguni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ondokeni kabla ya saa mbili kupita tangu yaanze kujaa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo, ya pili zaidi, na saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Wakati wa bamvua kimo hicho hupita mita 3, maana yake mita moja na nusu inapanda ndani ya saa mbili. Kundi linalosema “bado tuna muda, mchanga mkubwa” ndilo linalopakia masufuria likiwa na maji kiunoni.

Mfano: maji yanapwa saa tano kamili. Ondokeni Pangani saa mbili kamili, hadi saa tatu mmefika, na saa saba mchana kila mtu awe amepanda. Upepo wa mchana huzidi kadiri jua linavyokwenda, kwa hiyo kurudi mapema kunawaepusha na mambo mawili kwa mara moja. Msiondokee Tanga mjini kwa chombo. Ni mbali mno kwa siku moja. Kodini basi hadi Pangani, barabara ya kama kilomita 50, na mkodi nahodha wa hukohuko. Mlangoni mwa mto Pangani pana fungu ambapo mawimbi huvunjika maji yakiwa machache, na anayejua pa kupita ni yule anayepita kila siku.

Maziwe ni eneo tengefu tangu 1975, na visiwa vya ghuba kama Toten na Yambe vimo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009. Kote mna kiingilio, raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Ulizeni kiwango ofisi ya hifadhi, mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, mchukue risiti. Kama mna shemeji kutoka ughaibuni, mtajeni mapema. Hesabu yake ni tofauti.

Tumeonyeshwa boti ya faiba ya watu 15 na mashua kubwa ya mbao ambayo mwenyewe anasema “hata arobaini wanaingia”. Sisi ni 28. Bei ya mashua ni nafuu. Tuchukue ipi? – Msomaji, Chumbageni

Boti mbili za faiba zinazokwenda pamoja, kama fedha inaruhusu. Mashine ya moja ikizima, ya pili inaivuta. Mashua moja kubwa ikizimika na watu 28, mnabaki kutazamana.

Kama ni mashua, msiulize wangapi wanaingia. Ombeni cheti cha ukaguzi wa usalama cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na humo msome idadi ya abiria. Leseni ya uvuvi haimpi mtu ruhusa ya kubeba abiria, hata chombo kiwe kizuri namna gani. Idadi hiyo haina punguzo la watoto: mtoto wa mwaka mmoja ni mtu, na mabaharia wana nafasi yao. Mwaka 2011 MV Spice Islander I, meli kubwa kabisa, ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejazwa kupita kiasi. Mashua haina ukubwa wa kusamehe hilo.

Uzito wenyewe unahesabika. Watu wazima 28 kwa wastani wa kilo 70 ni kilo 1,960. Ongezeni maji ya kunywa kilo 80, barafu, masufuria, petroli, spika, na mnapita tani 2.2. Wakishakaa wote, tazameni ubavu: tunashauri ubao wa juu ubaki si chini ya sentimita 40 juu ya maji, bandarini palipo shwari. Mizigo mizito iwekwe chini katikati. Asikae mtu juu ya paa la kivuli. Na wapeni watu tahadhari ya pomboo kabla hamjang’oa nanga, kwa sababu wakionekana ndipo ishirini huinuka na kukimbilia upande mmoja.

Nendeni mkakague siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari wakati kila mtu amevaa na hakuna anayethubutu kusema hapana. Fungueni ubao wa ngama, yaani chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, mwone yaliyomo. Kidogo ni kawaida ya mbao, lakini ulizeni yalitolewa lini mara ya mwisho, na pampu au ndoo iko wapi. Hesabuni jaketi za kujiokolea, moja kwa kila mtu na mbili za ziada, mkivuta kila mkanda na kila kifungo. Zilizofungiwa stoo kwenye gunia si hesabu. Angalieni nanga na kamba yake, makasia, na njia ya kuita msaada: redio ya VHF yenye chaneli ya 16, au angalau simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mafuta yagawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Mashine ya nguvu farasi 40 ya kuchanganya oili hunywa kama lita 10 hadi 12 kwa saa kwa mwendo wa kawaida, na zaidi ya 15 ikikanyagwa. Mchanganyiko wa kawaida ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vingine. Oili ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huchafuka na mashine inazimazima. Sababu nyingine za kuzimika ni maji ndani ya petroli na nyavu au mifuko ya plastiki kujizungusha kwenye propela. Kwa hiyo ulizeni kama kuna plagi mpya, spana yake, kisu, na kamba ya kuwashia. Nahodha anayekasirikia maswali haya amekurahisishieni uamuzi.

Watu 24 waliandika “nipo” kwenye kundi la WhatsApp. Waliolipa ni 9. Safari ni baada ya wiki tatu na nahodha anataka malipo ya awali. – Mtunza hazina, Muheza

“Nipo” siyo kiti. Tenganisheni gharama mbili. Kuna zile zisizobadilika hata mkiwa watano: chombo, mafuta, mabaharia, basi. Na kuna zinazofuata kichwa: chakula, maji, kiingilio. Tuseme zisizobadilika ni shilingi 480,000. Mkigawanya kwa 24 ni 20,000 kila mtu. Wakija 16 mmekusanya 320,000 na pengo la 160,000 linamwangukia mtunza hazina. Gawanyeni kwa idadi mliyo na uhakika nayo, mfano 18, iwe 27,000. Wakizidi, rudisheni salio au ongezeni samaki. Hakuna anayegomba kwa kurudishiwa.

Wekeni siku ya mwisho, wiki mbili kabla, na jina liingie kwenye orodha pale tu fedha inapoingia. Anayejitoa baada ya hapo anauza kiti chake mwenyewe kwa ndugu mwingine. Kuhusu nahodha, theluthi inatosha kama malipo ya awali, kwa karatasi iliyosainiwa yenye tarehe, tarehe ya akiba, mahali pa kupandia, saa ya kuondoka na kurudi, idadi ya watu, nani ananunua petroli, na sharti hili: upepo ukizuia, fedha inahamia tarehe ya akiba, kundi likiahirisha kwa sababu zake, inapotea. Tarehe ya akiba iwe bamvua inayofuata, baada ya siku 14 au 15, siyo Jumamosi inayofuata, maana wiki moja baadaye mtakuta maji mafu.

Anayeamua kama bahari inapitika ni nahodha, na hilo nalo liandikwe. Nyinyi fuatilieni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kuanzia siku tatu kabla. Mamlaka hutoa angalizo upepo unapofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, lakini kwa kundi lenye watoto na wazee hatungengoja kufika huko. Kilomita 25 zinatosha kubaki nyumbani.

Bibi ana miaka 78, magoti hayamsaidii, naye kasema haachwi. Tuna pia watoto wanne chini ya miaka sita. Na dada zangu wawili hutapika hata kwenye daladala. – Mjukuu, Raskazone

Bibi aende, lakini mchagulieni safari ya ghubani yenye gati na maji yaliyojaa. Maziwe wakati wa kupwa ni kushuka majini na kutembea, hakuna kivuli wala choo. Akipanda, ashikwe na watu wawili, mmoja chomboni na mmoja gatini, mguu uvuke chombo kinapoinuka, siyo kinaposhuka. Akae kwenye kiti kilichofungwa, karibu na mlingoti. Dera jepesi ni salama kuliko baibui refu, ambalo likilowa huwa zito na hunasa miguuni. Jaketi livaliwe juu ya nguo zote, hata mtandio.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, humchomoka akiangukia majini. Someni kilo zilizoandikwa, fungeni na mkanda wa kupita kati ya miguu, kisha mnyanyueni kwa mabega ya jaketi. Kidevu na masikio yakizama ndani, ni kubwa. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina. “Tutawaangalia wote” maana yake hawaangaliwi.

Dada zako wasipande na tumbo tupu wala na supu ya mafuta. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Wakae katikati, mbali na moshi wa mashine, macho kwenye upeo, simu mfukoni. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya safari kwa ushauri wa mfamasia, kwani mtu akishaanza kutapika hakuna dawa inayokaa tumboni. Promethazini husinzisha, na haipewi mtoto chini ya miaka miwili.

Pilau ya watu 25, tupike nyumbani au hukohuko? – Msomaji, Mikanjuni

Hukohuko hapana. Maziwe hakuna kuwasha moto, na jiko ndani ya chombo chenye petroli ni ujinga. Nyumbani, kilo 4 za mchele na kilo 3.5 za nyama zinatosha watu 25 wakiwamo watoto, lakini wali uliopikwa saa tisa usiku na kuliwa saa sita mchana ndani ya joto la Tanga unaweza kuharibika bila kunuka. Wa nazi ndio mbaya zaidi. Chapati, samaki mkavu wa kukaanga, mihogo, mayai, matango na ndizi hustahimili. Maji lita 2.5 hadi 3 kwa kila mtu mzima, yagawanywe kwenye madumu kadhaa ili moja likimwagika msikose yote. Taka zote zirudi na gunia lenu.

Nahodha wa mashua yetu anasema kwa nyongeza ndogo anatufikisha Pemba. – Kijana wa Tanga

Msikubali. Ni kama kilomita 50 za bahari kuu, mkondo wa pwani unasukuma kaskazini mwaka mzima, na mashine ikizima mnaelekea Kenya. Mkitaka Pemba pandeni meli ya abiria, kisha mkodi boti huko Wesha, Pemba, ya kwenda kisiwa cha Misali.