Mpango wa pamoja wa maji kati ya Nairobi na kaunti jirani: daini hesabu kabla ya sahihi

Aliyefungua uzi ameuliza hivi: chama chao cha watumiaji wa maji, WRUA kama tulivyozoea kukiita, kiko sehemu za juu za Mto Ruiru. Kimealikwa kuketi na kaunti mbili, kampuni ya maji na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ili watunge mpango mmoja wa bonde. Anataka kujua wadai nini kabla hawajatia sahihi.

Daini hesabu. Moja tu, inayosomwa mahali pamoja mtoni, kwa kipimo kimoja, mwezi wa kiangazi. Ramani za rangi na kaulimbiu zinaweza kungoja, na warsha ya Naivasha pia.

Kwanza tazameni orodha ya waalikwa. Nairobi iko katika bonde la Athi, lakini maji yake mengi yanatoka bonde la Tana: Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na Sasumua kule Kinangop, Nyandarua. Bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu ndizo za upande wa Athi, na ni sehemu ndogo. Kwa hiyo kamati ikikaa na watu wa Athi peke yao, inapanga matumizi ya mji ambao tangi lake kubwa liko kwa jirani asiyealikwa. Ndiyo maana Murang'a haiishi kudai fungu lake la mapato, na ndiyo maana handaki la kilomita 11.8 linalochota maji ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka Ndakaini lilizua ubishi mrefu kuliko lenyewe. Angalau mtu mmoja wa upande wa Tana awepo, hata kama ni wa kusikiliza.

Sasa hesabu yenyewe. Kila ofisi huja na takwimu sahihi, ila hazizungumzii kitu kimoja. Mamlaka huhesabu vibali, yaani maji yanayoruhusiwa kutolewa mtoni. Kampuni ya maji huhesabu yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha. Kaunti huhesabu nyumba zilizounganishiwa bomba. Kati ya mtambo na mita ya mteja, Nairobi hupoteza karibu nusu ya maji kwa mabomba yanayovuja, mita zilizokufa na watu waliojiunganishia usiku. Mkijumlisha takwimu hizo bila kuzipanga mtapata upungufu mkubwa kuliko ulivyo, na dawa itakayopendekezwa itakuwa bwawa jipya, wakati sehemu ya hilo bwawa inavuja mtaani tayari.

Kubalianeni kutumia lita kwa sekunde mtoni na mita za ujazo kwa siku kwenye mabomba. Lita 1 kwa sekunde ni mita za ujazo 86.4 kwa siku. Iandikeni ukurasa wa kwanza wa mpango. Nusu ya mabishano itaishia hapo.

Lakini kuna mtego hapo. Kibali huandikwa kwa siku, ila mto hunyonywa kwa sekunde. Chukua pampu ya petroli inayotoa lita 10 kwa sekunde kwa saa nane: hiyo ni mita za ujazo 288, na ukigawanya kwa siku nzima ni lita 3.3 tu kwa sekunde. Wakulima 12 wa namna hiyo, kwenye karatasi, wanachukua lita 40 kwa sekunde. Kama mto una lita 150 wakati wa kiangazi, zinabaki 110 na kila mtu anaridhika. Sasa wote wawashe pampu saa kumi na mbili asubuhi, maana hakuna anayetaka kumwagilia juani: wanachukua lita 120, zinabaki 30. Huku chini watu wanaona mawe, halafu wanapewa ripoti inayosema kila mtu amefuata kibali chake. Na ni kweli amefuata. Dawa yake ni zamu za pampu, zenye majina na saa, zikiwa kiambatisho cha mpango. Mkiziacha kama azimio la mkutano, hazitafuatwa.

Kuhusu kiwango cha kuacha mtoni: sheria inataka akiba ibaki kwa mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa mto wenyewe, na kwa kawaida hapa kwetu hutumika mtiririko unaofikiwa au kuzidiwa asilimia 95 ya siku. Si fumbo. Chukueni vipimo vya kila siku vya miaka 10, siku 3,650, mvipange kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kile cha 3,468 ndicho chenyewe. Tatizo huwa ni siku zisizo na vipimo. Msomaji wa rula ya mto, ule ubao wenye namba uliosimikwa majini, asipolipwa haendi, na siku za mafuriko hata akilipwa hawezi kufika. Kwa hiyo ulizeni siku ngapi zimekosekana, za miezi gani, na nani alizijaza na kwa njia gani. Mkikuta Januari na Februari zimejazwa kwa wastani wa mwaka, ikataeni hiyo takwimu.

Hata rula inayosomwa vizuri hudanganya. Inapima kina, na kina hugeuzwa kuwa mtiririko kwa jedwali. Mafuriko makubwa yakishapita, kama yale ya Aprili na Mei 2024, sakafu ya mto hubadilika na jedwali la zamani halifai tena. Kulikagua kwa haraka kunahitaji chungwa na saa. Tafuteni sehemu iliyonyooka, pimeni mita 10, mtupe chungwa mara tano na kuchukua wastani. Likitumia sekunde 20, mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Mto ukiwa na upana wa mita 4 na kina cha wastani mita 0.3, mnapata takriban lita 510 kwa sekunde. Jibu hilo linaweza kupotoka kidogo, lakini kama jedwali la ofisi linasema 900, kuna la kuuliza.

Jambo la hifadhi ya maji ya umwagiliaji huzungumzwa sana na kutekelezwa kidogo. Kanuni za mwaka 2007 zilitaka mwagiliaji awe na akiba ya siku 90, ajaze wakati wa mvua. Ekari moja inayohitaji milimita 5 kwa siku hula mita za ujazo 20 hivi, kwa siku 90 ni 1,800. Hayo ni matangi 180 ya lita elfu kumi. Hakuna mkulima mdogo atakayeyanunua. Kwa hiyo mpango ukisema tu "wakulima watahimizwa kuhifadhi maji", ulizeni nani atachimba silanga, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya mvua, kwenye ardhi ya nani, na karatasi ya kuzuia maji yasinywee italipwa na nani.

Tukija kwenye pesa, ndipo mipango mingi hufia. Mkataba wa maelewano hautoi shilingi. Kazi isiyoingia kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, ambao lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, haitakuwa na fungu Julai inayofuata, mwaka wa fedha unapoanza. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28, makadirio ni Aprili 30. Mkimaliza mpango wenu Oktoba, mkaushangilia, mmejichelewesha mwaka mzima. Kampuni ya maji nayo haiwezi kuwapa ahadi ya fedha ambayo haimo kwenye bei iliyoidhinishwa na bodi ya udhibiti wa huduma za maji. Kila kazi iandikwe na mwenyewe mmoja. Mkiandika "wadau wote", hayupo.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika. Visima virefu vya mtaani, vya magorofa na viwanda, havimo kwenye rula ya mto lakini vinakunywa bonde lilelile. Wekeni mita zao kwenye hesabu, pamoja na floraidi, maana kikomo cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya Nairobi huzidi. La pili ni majitaka: kila maji mapya yanayoletwa mjini hurudi mengi yakiwa machafu, yakishuka kupitia mtambo wa majitaka wa Ruai kuelekea Machakos na Makueni. Hao wa chini pia ni waalikwa.

Kuhusu ukame, wekeni tarehe za uamuzi mapema. Mvua ndefu zikiisha vibaya mwishoni mwa Mei, nyingine haziji kabla ya Oktoba. Kwa hiyo uamuzi wa kupunguza ufanyike wiki ya kwanza ya Juni kwa kiwango cha bwawa kilichokubaliwa kabla. Agosti mtakuwa mnagombana mbele ya bwawa tupu.

Kabla ya mkutano wenu wa kwanza, wekeni vijana wawili wapige picha ya rula ya mto saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, kwa wiki mbili mfululizo, na waandike pembeni pampu ngapi zilikuwa zinanguruma. Picha iwe na tarehe, na namba zisomeke hadi sentimita.