NFS kupitia HAProxy kati ya Arusha na Moshi: kwa nini inagoma na namna ya kuiweka sawa

Mkuu, swali lako nimelisoma lote. Ghala la faili (seva inayogawa folda kwa NFS, njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao) lipo ofisi ya Njiro, Arusha, tawi lipo Moshi mjini, bosi hataki mtandao wa ghala ufunguliwe moja kwa moja kwa tawi, ndiyo maana umeweka katikati HAProxy, yaani proksi (programu inayopokea mawasiliano na kuyapitisha). Kompyuta za Arusha zinamaunti (zinaunganisha folda ya seva kama ya kwao) bila shida, za Moshi zinajibiwa "Operation not permitted". Na siku zilipokubali, watu wakirudi kutoka chai wanakuta folda imeganda. Mimi nahudumia mfumo wa aina hiyo hiyo wa ofisi ya wapima ardhi wenye matawi katika miji hiyo miwili, wanagawana picha za droni na ramani, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokiona kazini.

Proksi ya kurasa za wavuti inaelewa inachopitisha. HAProxy mbele ya NFS haielewi chochote; inapokea baiti upande huu na kuzitoa upande wa pili. Ndiyo maana lazima iwe `mode tcp`. Lakini seva ya NFS yenyewe inajali sana inaongea na nani: anwani aliyotokea, poti (namba ya mlango wa mawasiliano) aliyotumia, faili alizofungua, kufuli alizoshika (alama za kuzuia wengine wasiguse faili analotumia). Ukishaweka proksi, anwani na poti ya mteja havifiki tena kwenye seva.

Tuanze na hiyo "Operation not permitted". Kompyuta ya Linux ikimaunti NFS, keneli yake (kiini cha mfumo) huchagua poti ya chini ya 1024, kwa kawaida kati ya 665 na 1023, kwa sababu seva kwa desturi hukataa anayekuja na poti ya juu ya hapo. HAProxy ikifungua muunganisho kwenda kwa seva hutumia poti za juu. Nenda kwenye seva ya Njiro uandike `ss -tn sport = :2049`. Kompyuta za Arusha utaziona na poti kama 790 au 912, na proksi utaiona na kitu kama 43518. Hiyo ndiyo inayokataliwa. Dawa ni kuongeza `insecure` kwenye mstari wa proksi ndani ya `/etc/exports` (orodha ya seva ya nani anapewa folda gani), kisha `exportfs -ra` ili isomwe upya.

Jina hilo linatisha watu, na wengi humu watakwambia usiliweke. Mimi sikubaliani nao. Kinga ya poti za chini ilikuwa na maana enzi ambazo kompyuta zilikuwa chache na kila moja ina msimamizi wake. Leo yeyote mwenye laptopu yake ndiye root (msimamizi mkuu) wa laptopu hiyo, anachagua poti anayotaka. Hatari ya kweli ni nyingine: seva sasa inamwona kila mtu wa Moshi kwa anwani moja, ya proksi. Ile orodha yako nzuri ya nani anaruhusiwa kuandika na nani kusoma tu, kwa upande wa Moshi haifanyi kazi tena. Kazi ya kuchagua nani aingie lazima uihamishie kwenye proksi (nani aandike na nani asome tu haiwezi kuamua), hivi:

```
frontend nfs_mbele
    bind 10.20.0.5:2049
    mode tcp
    option clitcpka
    timeout client 30m
    acl tawi_moshi src 10.20.1.0/24
    tcp-request connection reject if !tawi_moshi
    default_backend nfs_nyuma

backend nfs_nyuma
    mode tcp
    option srvtcpka
    timeout connect 5s
    timeout server 30m
    server ghala1 10.10.0.10:2049 check
```

Na `root_squash`, inayomnyima root wa mteja mamlaka ya root kwenye seva, usiiguse, iache iwepo. Kumbuka pia kwamba NFS ya kawaida inaamini namba ya mtumiaji inayotumwa na mteja na haifichi chochote njiani, kwa hiyo kati ya Moshi na Arusha pitisha kila kitu ndani ya WireGuard (VPN inayoficha mawasiliano). Hilo halina mjadala.

Sasa kuganda baada ya chai. Mifano mingi ya HAProxy inayonakiliwa ina `timeout client` (muda wa kumvumilia mteja aliye kimya) ya sekunde 50 au dakika moja. Kwa wavuti inatosha kabisa. NFS inaweza kukaa kimya kwa muda huo bila tatizo lolote: seva ya Linux humpa mteja sekunde 90 za kujulisha kuwa bado yupo, na mteja asiye na kazi hujitokeza karibu kila sekunde 60. Proksi yenye sekunde 50 inamkatia mtu ambaye hajachelewa. Mteja ataunganisha upya, lakini kila mara anafanya hivyo akiwa na faili wazi, na mtumiaji anaona dirisha limesimama. Weka dakika 30, kama nilivyoandika juu.

Muda mrefu nao una gharama yake. Umeme ukikatika ghafla Moshi, proksi haiambiwi kitu, inabaki imeshikilia miunganisho ya kompyuta zilizozimika. Hizo `clitcpka` na `srvtcpka` ndizo zinazopima kama upande wa pili bado upo, ila Linux husubiri saa mbili kabla ya kipimo cha kwanza. Kwenye mashine ya proksi shusha `net.ipv4.tcp_keepalive_time` iwe 120.

Kuna kitu kitakachokusumbua usipokijua mapema. Ukibadilisha mipangilio halafu uka-reload (kuiambia HAProxy isome mipangilio upya), HAProxy huanzisha prosesi mpya na kuiacha ya zamani imalize miunganisho yake. Miunganisho ya NFS yenye kazi haimaliziki. Mtu akimaunti asubuhi na asikae kimya, anabaki nayo hadi azime kompyuta. Matokeo yake kompyuta ambazo muunganisho wake haujakatika zinaendelea kupita kwenye prosesi ya zamani yenye sekunde 50 zako, na wewe unadhani dawa haijafanya kazi. Andika `ps aux | grep haproxy` uone kama zimepangana. Weka `hard-stop-after 1m` kwenye sehemu ya `global`, ili kwenye reload zijazo prosesi ya zamani izimwe baada ya dakika moja, na ufanye mabadiliko haya jioni watu wakishatoka.

Upande wa wateja, maunti kwa `vers=4.1` au `4.2`, usikubali chini ya hapo. Toleo la 3 linahitaji poti 111 na huduma nyingine zinazobadilisha poti zenyewe, ukijaribu kuzipitisha kwenye proksi utachoka bure. Toleo 4.0 linatumia 2049 peke yake, lakini seva ikitaka kumwita mteja hufungua muunganisho mpya kwenda kwake, na hapo proksi inaziba njia. Kuanzia 4.1, iliyotoka mwaka 2010, seva humwita mteja kupitia muunganisho ule ule aliouleta mwenyewe. Acha `hard` (mteja husubiri hadi seva ijibu) kama ilivyo. Anayekushauri `soft` (mteja hukata tamaa na kurudisha kosa) ili kompyuta zisigande anakuuzia faili zilizoharibika.

Halafu kagua majina ya kompyuta za Moshi. Kama fundi alizinakili zote kutoka diski moja, zina jina moja, na Linux hutumia jina hilo kujitambulisha kwa seva. Seva ikiona "yule yule" amekuja na muda mpya wa kuwaka, inadhani amejizima na kuwaka, inafuta kufuli za mwenzake. Kuganda kwa namna hiyo hakutibiwi na proksi yoyote. Kila kompyuta ipe jina lake kwa `hostnamectl`, kisha iwashe upya.

Na usiongeze seva ya pili kwenye `backend` ili zigawane mzigo, kama hazishiriki diski na kumbukumbu za kufuli. Wateja watapata "Stale file handle" siku hiyo hiyo.

Kama lengo lako lilikuwa kasi, HAProxy haikusaidii, kache yake (hifadhi ya nakala za karibu) ni ya kurasa za wavuti, si ya NFS. Hapo unahitaji mashine ndani ya ofisi ya Moshi inayomaunti ghala kwa `fsc` pamoja na `cachefilesd` (hutunza nakala za faili kwenye diski yake) na kuligawa upya kwa wenzake, jambo ambalo lina masharti yake na linastahili uzi wake.

Ukishabadilisha, leta hapa matokeo ya `nfsstat -m` kutoka kompyuta mbili za Moshi na ile `ss` ya Njiro. Kwenye `nfsstat` nitaanza kuangalia `vers`.