Mwanangu, mbio zako ziliharibikia baharini

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili jioni nimeusoma mara mbili. Unauliza: "Mama, kilomita tano huwa nazimaliza kwa dakika 26 hata siku za uchovu. Ilikuwaje niliposhuka kwenye baiskeli miguu ikawa magogo, nikatembea mbele za watu?" Kisha unasema baada ya wiki kumi unataka kurudi kwenye triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, safari hii kwa umbali wa Olimpiki, na unataka kujua uongeze kilomita ngapi za kukimbia kwa wiki.

Usiongeze hata moja. Nimezipitia namba za saa yako na shida haiko kwenye kukimbia. Miguu iliishia kwingine, mbio zikabaki kulipa deni.

Tuanze na maji. Mita 750 umezimaliza kwa dakika 19 na nusu, na saa inaonyesha uliogelea mita 905. Saa ya mkononi hudanganya kidogo majini, maana mkono unapozama hupoteza setilaiti, lakini hata ukiipunguzia, ulikwenda upogo. Bwawani kasi yako ni dakika mbili na sekunde kumi kwa kila mita 100. Gawa mwenyewe: baharini ulikuwa na kasi ileile, ila umeogelea njia ndefu. Sababu ni kwamba ulikuwa hulitazami boya mpaka umeshapotea, kisha unainua kichwa chote kulitafuta. Kichwa kikipanda, kiuno na miguu vinashuka, na mtu anaanza kupiga mateke makubwa ili asizame. Mapaja uliyoyatumia kwa mateke hayo ndiyo hayohayo uliyoyahitaji saa moja baadaye.

Tazama mbele kila baada ya mikono sita hadi minane. Macho tu yatoke juu ya maji, kama mamba, kisha geuza uso pembeni uvute pumzi katika mwendo uleule. Kabla ya kuanza, ukiwa ufukweni, chagua kitu kirefu nyuma ya boya: mnara, mnazi uliojitenga, paa la hoteli. Boya hujificha nyuma ya wimbi, paa halijifichi. Mateke yapunguze hadi moja kwa kila mkono, ya kukuweka sawa tu. Zikibaki mita 50 ndipo uyaongeze kidogo, damu ishuke miguuni. Bila hivyo ukisimama mchangani utaona kizunguzungu, na wengi huanguka hapo.

Mita 200 za mwanzo mapigo ya moyo yalifika 178. Hilo halikuwa la lazima. Uliwafuata wale wa mbele, ukabana pumzi, kifua kikajaa hewa chafu, ndiyo ile hofu uliyoniandikia. Toa pumzi yote ndani ya maji, polepole, uso ukiwa chini. Jipange pembeni ya kundi, nyuma ya safu ya pili, na mita 100 za kwanza zihesabu kuwa za kupasha mwili. Ukipata mtu wa kasi yako mfuate miguuni karibu, maana kwenye maji kumfuata mtu kunaruhusiwa na kunapunguza kazi. Kwenye baiskeli ni kosa. Mashindano ya watu wa kawaida hudai nafasi ya mita kadhaa kati ya baiskeli na baiskeli, na msimamizi wa pikipiki haangalii sura. (Kule San Diego, Marekani, mwaka 1974, kwenye triathloni ya Mission Bay inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya zama hizi, walianza kwa kukimbia, maji yakaja baadaye. Siku hizi maji hutangulia, na nadhani unaona kwa nini: aliyechoka barabarani hukaa chini, aliyechoka majini huzama.)

Na usisahau jedwali la maji kujaa na kupwa. Huko kwenu ndani ya mwamba, maji yakipwa sana siku za bamvua, unaweza kujikuta unatembea kwenye mwani hadi magotini. Mazoezi yako ya baharini yafanye maji yakiwa yanajaa, mkiwa wawili au zaidi, na mmoja awe na boya la kamba kiunoni.

Sasa baiskeli, na hapa ndipo nina maneno mengi.

Kilomita 20 kwa dakika 36. Najua ulifurahi. Hata mimi ningefurahi kama ingekuwa mashindano ya baiskeli peke yake. Lakini mizunguko ya pedali ilikuwa 64 kwa dakika, maana yake ulikaa kwenye gia nzito ukisukuma kwa nguvu za mapaja. Kila msukumo mzito huchoma sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na akiba hiyo hairudi njiani. Kibaya zaidi, dakika zote 36 nyonga zimekunjwa na mgongo umeinama. Ukishuka, misuli ya mbele ya nyonga imefupika na mwili bado unazungusha pedali kichwani. Ndiyo yale magogo. Kila mtu huyapata. Kwa aliyeendesha kwa akili hudumu dakika tano hadi kumi, kwake aliyeendesha kama wewe hayaondoki.

Piga hesabu hii. Kama ungeendesha kwa dakika 39, ukakimbia kwa 28 badala ya zile 37 za kutembea na kusimama, ungekuwa umepoteza dakika tatu barabarani na kuokoa tisa kwa miguu. Dakika sita, bila kuongeza mazoezi yoyote. Kwenye umbali wa Olimpiki, yaani mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na 10 za miguu, deni hilo huongezeka maradufu na zaidi, maana hapo hata akiba ya sukari huanza kupungua kweli.

Kwa hiyo pedali ziwe kati ya 85 na 95 kwa dakika. Mwanzoni utahisi unazungusha hewa. Vumilia wiki tatu. Upepo ukija usoni punguza gia, usishindane nao. Tumia kipimo cha mdomo: kwenye baiskeli uweze kutamka sentensi fupi nzima. Ukibaki na maneno mawili mawili, umepitiliza. Kilomita ya mwisho teremsha gia mbili, simama juu ya pedali mara tatu nne unyooshe nyonga.

Mpe fundi baiskeli yako aangalie kimo cha kiti. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke lote. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo. Kwenye picha uliyonitumia kiti kiko chini, na kiti cha chini hula mapaja na magoti. Tairi zako za upana wa milimita 25, kwa uzito wako wa kilo 70, jaza upepo wa PSI 80, usizidishe: baiskeli ikikaa juani kwenye kituo cha kubadilishia, pale mnapotoka majini kuchukua baiskeli na kuiacha mkaanze kukimbia, hewa ya tairi hutanuka. Beba tyubu moja, vijiko viwili vya kuvulia tairi na pampu ndogo, na uwe umeshabadilisha tyubu nyumbani mara tano, kwa sababu hujifunzi mambo ya pancha siku ya mashindano. Na chumvi! Kila ukirudi kutoka barabara ya ufukweni mwagie baiskeli maji baridi bila presha, ikaushe, paka mnyororo mafuta matone machache na ufute yanayobaki nje. Mnyororo wenye kutu unakula nguvu ya miguu kama gia nzito inavyokula.

Kituo cha kubadilishia ulitumia dakika sita. Nyingi zilikwenda kwenye soksi na mchanga. Weka chupa ya maji ya kuoshea miguu, taulo dogo chini, poda ndani ya viatu, na kamba za mpira zisizofungwa. Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujagusa baiskeli. Ukiigusa kwanza utaadhibiwa. Mkanda wa namba unavaliwa mara moja, namba nyuma ukiwa kwenye baiskeli, mbele ukikimbia. Kwapani, shingoni na mapajani paka mafuta ya mgando alfajiri. Maji ya chumvi yakikauka yanachubua kama msasa.

Kisha joto. Hili hukuliuliza lakini ni nusu ya jibu. Mazoezi yako yote ni saa kumi na moja alfajiri, kumbe siku ile ulianza kukimbia karibu saa tatu, jua limeshapanda. Kwenye unyevu wa pwani jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa pamoja, na haitoshi. Mtu asidhani ni udhaifu wa wanaoanza. Cozumel, Mexico, Septemba 2016, Jonny Brownlee wa Uingereza alikuwa anaongoza shindano la mwisho la msimu wa dunia wa triathloni, zimebaki mita mia chache, akaanza kuyumba kama mlevi kwa joto. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki mara mbili, akamshika bega akamkokota hadi mstarini. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akawapita wote akashinda.

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14. Wiki mbili za mwisho, mara nne hivi kwa wiki, kimbia dakika 30 hadi 40 saa tatu asubuhi, taratibu. Jipime uzito kabla na baada bila nguo: kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya maji. Hapo utajua jasho lako, badala ya kubahatisha. Kwa wengi, nusu lita hadi robo tatu kwa saa inatosha. Usinywe hadi uzito uongezeke, maji matupu mengi mno hupunguza chumvi ya damu na yamepeleka watu hospitali.

Kinywaji chako kitengeneze nyumbani: lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Hiyo ni kama gramu 60 za sukari. Anza kunywa dakika ya kumi ya baiskeli, mafunda mawili matatu kila dakika kumi. Ukinywa nyingi kwa mpigo tumbo litacheza ukikimbia. Asubuhi kula masaa matatu kabla ya kuanza: uji na ndizi mbili. Maharage, maziwa na mbaazi za nazi ziache kwa chakula cha ushindi. Kwenye mbio mwagia maji kichwani na shingoni, barafu weka chini ya kofia. Ukihisi baridi juani, au vinyweleo vikisimama, simama hapohapo kivulini. Ukimwona mwenzio anaongea ovyo, apoozwe kwanza kwa maji na barafu, kusafirishwa kufuate.

Zoezi litakaloondoa magogo ni moja. Kila Jumatano, dakika 40 za baiskeli, viatu vikiwa mlangoni, na ndani ya dakika mbili uwe unakimbia dakika 12. Jumamosi, baiskeli saa moja na nusu kisha dakika 25. Kilomita ya kwanza ikimbie sekunde 20 polepole kuliko unavyotaka, hatua fupi za haraka. Siku nyingine za wiki: bwawani mara mbili, baharini mara moja, mbio nyepesi mara moja, na Ijumaa pumzika kweli. Wiki ya nne na ya nane punguza kila kitu kwa theluthi. Wiki ya kumi fanya nusu.

Barabara ya Malindi usiiingie baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori na tuktuk hawana habari na mizunguko yako ya pedali.

Jumamosi ukimaliza nitumie mambo matatu: mizunguko kwa dakika, mapigo ya moyo ya dakika ya tano ya kukimbia, na uzito kabla na baada. Na picha ya kiti baada ya fundi kukigusa, iliyopigwa kutoka ubavuni, pedali ikiwa chini.

Mama yako